Kwa Unayeanza Kuwasemea Wafanyakazi wa Muda Chuoni

Ukichaguliwa kuingia kwenye kamati ya tawi la chama cha wafanyakazi katika chuo chochote hapa Mwanza, watu wa kwanza kukufuata hawatakuwa wahadhiri wenye ajira ya kudumu. Watakuwa wafagiaji, wasaidizi wa maabara, wasimamizi wa mitihani na walimu wanaolipwa kwa saa, na wengi watakueleza manung'uniko yao kwa sauti ya chini, maana wanaogopa kuonekana nawe. Wasikilize, lakini kabla hujauandikia uongozi barua yoyote, waombe karatasi: mikataba yote waliyowahi kusaini, hati za malipo, nakala za fomu za madai na, kwa asiye na chochote, picha ya daftari la mahudhurio iliyopigwa kwa simu.

Nasema mikataba yote kwa makusudi. Mtindo uliozoeleka ni kumpa mtu mkataba wa miezi mitatu, kumpumzisha chuo kinapofungwa, kisha kumwita tena kinapofunguliwa, na kila mara akahesabiwa kuwa mgeni. Katika mapumziko hayo wapo wanaokwenda Mwaloni Kirumba kufungasha dagaa ili nyumbani wasilale njaa, na baadaye ofisi ya utumishi hulitumia jambo hilohilo kudai kwamba waliacha kazi wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamnyima kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki yule ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyohuyo, lakini inaongeza kwamba miezi hiyo inaweza kuwa chini ya mkataba mmoja au zaidi, na hapo ndipo hoja yenu inaposimama. Katika likizo sheria hiyo iko wazi zaidi: aliyefanya kazi zaidi ya mara moja katika mwaka kwa mwajiri mmoja, na vipindi vyake kwa jumla vikazidi miezi sita, anastahili likizo yenye malipo. Mpangie basi kila mmoja tarehe zake za kuanza na kumaliza kwenye karatasi moja, kisha mpe aisome na kuirekebisha mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi anaukumbuka mwezi aliorudishwa kazini vizuri kuliko jalada la ofisini.

Utakutana pia na aliyeambiwa "endelea tu, mkataba unaandaliwa" hadi muhula ukaisha. Asikate tamaa, kwa sababu shauri likifunguliwa na mwajiri akashindwa kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira humwangukia mwajiri.

Walimu wa saa wana tatizo la namna yao, kwani huambiwa kwamba wao ni watoa huduma na si wafanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano amemfanyia mwajiri kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Hapa nina ubishi wa siku nyingi na wahasibu, ambao huhesabu saa za darasani peke yake, kana kwamba vitabu vya majibu vya wanafunzi hujisahihisha. Mwalimu aandike saa za kutunga mtihani, kusahihisha na kuingiza alama, siku ileile anapozifanya.

Malipo yakichelewa, usikimbilie kwa makamu mkuu wa chuo. Nenda kwanza kwa mhasibu uulize fomu ya madai ilipokelewa tarehe ngapi, kwani mara nyingi utakuta haijawahi kufika, bali imelala kwa mkuu wa idara ikisubiri sahihi. Madai yanayowahusu wengi yapeleke kwa jina la tawi, na majina ya watu yabaki kwenye jalada lako mpaka wenyewe waridhie kutajwa.

Jambo ambalo wawakilishi wapya hulipuuza zaidi ni muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60, na siku hizo hazisimami eti kwa kuwa uongozi umewaita kwenye kikao. Nimeona vikao vikiahirishwa kwa adabu kubwa, chai na maandazi mezani, mpaka siku zikapita, na ikabidi kuomba kusikilizwa nje ya muda kwa sababu ambazo Tume haikulazimika kuzikubali. Mlalamikaji ajaze fomu ya Tume mapema, mwajiri apewe nakala na asaini kuipokea, kisha mazungumzo yaendelee kama kawaida. Mkielewana kabla ya siku ya usuluhishi, shauri linaweza kuondolewa.