Mzee wa daftari

Mmeuliza wiki hii: ni nani aliyekulea bila kuwa ndugu yako wa damu, na unamkumbuka kwa lipi? Wangu ni mume wa mama. Namkumbuka kwa daftari.

Kila kikao cha wazazi shuleni alikuja nalo, akaketi nyuma kabisa, akaandika kila alichosema mwalimu, hata yasiyonihusu. Jioni ananisomea: "Darasa lenu lina watoro wengi. Wewe humo, nimeuliza." Baba aliyenizaa alikuwa hai na sikuwahi kumwona kwenye kikao hata kimoja, lakini mzee huyu hakumsema vibaya mbele yangu. Nikianza mimi kumsema, natumwa kufagia uani. Mwaka nilipofikisha miaka 14 uani palikuwa pasafi kupita kiasi.

Mama alipofariki, wajomba walikuja kunichukua. Angeniachia, nani angemlaumu? Nadhani wengi walitegemea hivyo. Akawakaribisha ndani, akafunga mlango, daftari likiwa kwapani. Sijui aliwasomea nini; waliondoka bila mimi.

Alipofariki yeye, niliomba ruhusa kazini. Fomu ilitaka uhusiano na marehemu: mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu. Nikaandika mzazi. Wakauliza mbona majina hayafanani. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Mmarekani mmoja, Kenneth Doka, aliandika tangu mwaka 1989 kuhusu majonzi ya namna hii, ambayo watu hawakupi nafasi ya kuyaomboleza kwa sababu hawaoni marehemu alikuwa nani kwako. Nilipumua. Mambo ya mirathi siyagusi hapa, wala sikuyataka. Nasemea tu kule kudaiwa ushahidi wa machozi.

Mazishini, wasifu wa marehemu ulisomwa na binti yake mkubwa. Mimi na dada huyu hatukupikika chungu kimoja tangu utotoni, na siku ile nilikuwa nimejiandaa kusikia jina langu mwishoni, pamoja na "wengine aliowasaidia". Alipofika kwenye watoto, akanitaja wa tatu, kwa umri, katikati ya kaka zake wawili, kisha akaendelea na wajukuu.

Ruhusa kazini nilipewa, ila siku zake zilikatwa kwenye likizo yangu ya mwaka.