Ukifundisha kiburi, mwache Nebukadneza apumzike

Msomaji mmoja anaomba somo la kiburi kwa semina ya vijana, maana Babeli na Nebukadneza vimehubiriwa hadi watoto wanavimalizia wenyewe. Chukua Uzia, mfalme wa Yuda, 2 Mambo ya Nyakati 26. Aya 23 tu.

Usianzie kwenye ukoma uliompata mwishoni. Hapo ndipo wengi huharibu. Soma kwanza aya ya 1 hadi 15 kwa sauti, bila haraka. Kijana wa miaka 16 anatawazwa, atatawala miaka 52. Anabomoa kuta za Gathi, Yabne na Ashdodi, anachimba visima jangwani, ana askari 307,500, na juu ya minara kuna mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa. Tena alipenda kilimo! Kisha simama kwenye aya ya 15: alisaidiwa ajabu, hata alipokuwa na nguvu. Aya inayofuata inafunguka kwa "lakini". Waache vijana waligundue neno hilo wenyewe.

Wapo wanaofundisha kwamba Uzia aliabudu sanamu. Hapana. Alikwenda kumfukizia uvumba BWANA yuleyule, ndani ya hekalu lilelile. Kazi tu haikuwa yake, ilikuwa ya makuhani, wana wa Haruni. Watu 250 wa upande wa Kora, aliyemwasi Musa, waliteketea wakiifanya (Hesabu 16). Leo mtu akishajaza ukumbi huona hakuna tena wa kumwambia "hapa si pako". Ndugu zangu, huo ndio uasi wenyewe, na huja umevaa mavazi ya ibada.

Muda wako mwingi utumie kwenye aya ya 19. Azaria kuhani na wenzake 80 wamekwisha kumwambia atoke. Uzia ana nafasi ya kugeuka. Badala yake anaghadhibika, chetezo kingali mkononi, na hapo ndipo ukoma unapomtokea. Haukumtokea alipoingia hekaluni; ulimtokea alipokaripiwa akakasirika. Tena kwenye kipaji cha uso, mahali kuhani mkuu alipovaa bamba la dhahabu lenye maneno "Mtakatifu kwa BWANA" (Kutoka 28).

Sema wazi pia kwamba si kila mgonjwa ameadhibiwa: Ayubu yupo, mwenye haki aliyeugua.

Muda ukibaki, soma 27:2. Mwanawe Yothamu alifuata yote aliyoyafanya baba yake, ila hekaluni hakuingia.