Usiwatoe vijana kabla hawajabeba wadogo zao

Wiki hii nimepokea ujumbe wa msomaji anayesomea utunzaji wa wanyama Ujerumani. Bustani ya wanyama anakofanyia mafunzo ina familia ya tamarini simba, wale tumbili wadogo wa Brazili wenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Mapacha wana miezi minane, mama ana mimba ya miezi miwili, na kuna mpango wa kuwahamisha mapacha kabla hajajifungua ili banda lipate nafasi. Anauliza kama ni sawa.

Si sawa, mdogo wangu, na inauma kuona kosa hili linarudiwa wakati dawa yake inajulikana tangu miaka ya 1970. Enzi hizo wachache tu walikuwa wamebaki kwenye misitu ya pwani ya jimbo la Rio de Janeiro, na waliokuwa kwenye mabustani hawakuwa wakizaliana vya kutosha. Vijana walitengwa mapema na kuunganishwa wawili wawili. Jike alizaa salama, kisha akamtupa mtoto sakafuni au kumng'ata mkia. Kazi ya mtafiti Devra Kleiman na wenzake kwenye bustani ya wanyama ya taifa kule Washington ilisaidia kuonyesha kilichokosekana: tamarini simba anayezaa huzungukwa na familia, na wakubwa hujifunza kulea kwa kulea wadogo zao. Mwaka 1984 waliozaliwa mabandani walianza kurudishwa porini.

Fanya hesabu uone kwa nini mama hawezi peke yake. Ana uzito wa gramu 600 hivi. Mimba huchukua siku kama 130, na kwa kawaida huzaa mapacha, kila mmoja akikaribia gramu 60. Ni sawa na mwanamke wa kilo 60 abebe kilo 12 mgongoni huku akiruka matawi, ananyonyesha, na pengine mimba nyingine imeshaingia, maana anaweza kupandwa tena siku chache baada ya kujifungua. Wiki ya kwanza hubeba zaidi mama. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu baba na wakubwa hupokea, na mama huwachukua watoto hasa wakati wa kunyonya. Wakianza kula, ndugu huwaita kwa sauti maalumu na kuwaachia panzi au nyenje mkononi. Kijana anayebeba kwa mara ya kwanza utamtambua: mtoto akimshika manyoya ya shingo, anajikung'uta, anajisugua kwenye tawi, anataka kumvua kama nguo inayowasha. Mwache. Baada ya siku kadhaa anatulia. Hapo ndipo shule yenyewe ilipo, na ukimhamisha kabla ya hapo umemtoa bila cheti.

Kwa familia yako: mama atajifungua baada ya miezi miwili na kidogo, watoto wataachishwa ziwa wakiwa na wiki 12 hivi. Mapacha watakuwa na miezi 13 au 14. Majike hupevuka karibu na miezi 18, kwa hiyo muda upo wa kutosha.

Baada ya hapo hatari hugeuka. Binti wa tamarini simba akikaa na mama yake, ovari zake huendelea kufanya kazi, naye huwa mshindani wa mama. Ni tofauti na tamarini wa Kolombia mwenye shungi jeupe, ambaye uzazi wa binti huzimwa kabisa akiwa nyumbani. Ugomvi wa majike huanza ghafla na unaweza kuua. Angalia mgongo uliopindwa kama upinde, manyoya yaliyosimama, kufukuzana kusikoisha, na binti anayelala nje ya kisanduku cha familia. Ukiona hayo, mtoe siku hiyohiyo, wala usijaribu kumrudisha. Porini angekimbilia msitu mwingine. Bandani hana pa kwenda. Kama nafasi ndiyo shida, ongea na daktari juu ya kipandikizi cha kuzuia mimba kwa mama. Familia inabaki nzima.

Mambo mengine ni mafupi lakini huua haraka. Mwenye malengelenge ya mdomoni asiingie bandani, kwa kuwa virusi vyake, hepesi ya binadamu, huwaangamiza. Usiwape vitoto vya panya. Vimewahi kuwaletea homa ya ini mabustanini. Vitamini D iwe D3, kwa sababu D2 haiwafai, na mwanga unaopita kwenye kioo cha dirisha hauna mionzi ya UVB wanayohitaji ili miili yao itengeneze vitamini hiyo.

Tamarini simba walio nje ya Brazili ni mali ya serikali ya Brazili, na uhamisho hupangwa na mratibu wa mpango wa kuwazalisha. Mwombe mkuu wako amwandikie kabla ya kugusa sanduku la safari, ataje tarehe ya kujifungua inayotarajiwa, na aombe mapacha wabaki hadi watoto waachishwe ziwa.