CT skani inasema uvimbe umekua, je imunotherapi imeshindwa?

Swali (msomaji, Sengerema): Daktari shikamoo. Baba ana melanoma (saratani ya ngozi) iliyoanzia kwenye unyayo, sasa ipo kwenye mapafu na ini, anapewa pembrolizumab, dawa ya imunotherapi, kila wiki 3. Baada ya dozi ya 4 tumempiga CT skani Mwanza, ripoti inasema jumla ya vipimo vya uvimbe imetoka milimita 52 mpaka 64. Ndugu wanataka tuache maana hela inateketea. Hivi hakuna picha inayoonyesha kama kinga yake inapigana kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu, poleni na kuuguza. Nianze na hizo namba maana ndo zimewatisha. Ongezeko la milimita 12 kwenye 52 ni kama asilimia 23, na kwa kanuni ya kawaida likifika asilimia 20 na angalau milimita 5 tunaandika ugonjwa umesonga mbele. Kwa kemo hapo huwa wanabadili dawa. Ila pembrolizumab haiui saratani yenyewe, inazifungulia seli T za kinga zilizokuwa zimezuiwa, sasa zikimiminika ndani ya uvimbe panajaa panavimba, na CT inapima ukubwa tu, haijui mle ndani ni saratani au ni seli za kinga. Iliwahi kuonekana kwa wagonjwa wa melanoma waliotumia ipilimumab, dawa nyingine ya imunotherapi iliyoruhusiwa Marekani 2011, uvimbe unakua kwanza halafu unanywea. Ndo maana 2017 ikatoka kanuni ya iRECIST: skani ya kwanza ikionyesha kukua inaandikwa haijathibitishwa, mgonjwa anarudia baada ya wiki 4 mpaka 8, jumla ikipanda tena milimita 5 au zaidi hapo imethibitika.

Lakini sikupi moyo wa uongo. Wanaovimba kwa sababu ya kinga ni wachache, kwenye tafiti nyingi hawafiki 1 kati ya 10, waliobaki ni saratani kweli. Kwa hiyo mwangalie mzee mwenyewe: anakula, anatembea, uzito umesimama, maumivu hayajazidi? Kama ndiyo, muulizeni daktari wake wa saratani kama anaweza kuendelea na dawa hadi skani ya pili. Kama anadhoofika kila wiki, msisubiri hizo wiki 8.

PET skani nayo haimalizi ubishi. Inafuata sukari yenye mionzi, saratani inaila sana, seli T zikichangamka zinaila pia, zote zinawaka. Na TB inawaka hivyohivyo, na huku kwetu kanda ya ziwa TB tunaishi nayo, tena dawa hizi zinaweza kuiamsha, so tezi za kifuani zikivimba ghafla msikubali ziitwe saratani kabla ya kupima makohozi au kuchukua biopsi, yaani kipande cha nyama cha kupimwa.

Picha unayoiuliza ipo ila bado iko kwenye utafiti. Wanachukua kipande cha kingamwili kinachonata kwenye CD8, alama iliyo juu ya seli T zinazoua, wanakifunga na zirkoni-89 yenye mionzi, na kwa kuwa mionzi yake inapungua nusu kwa saa kama 78 mgonjwa anaweza kupigwa picha hata kesho yake, ukaona seli zimeingia kwenye uvimbe au zimebaki nje. Kwa matibabu ya kila siku haijafika, msiuze ng'ombe kuitafuta.

Skani ya marudio ifanyike kwa dawa ya kontrasti (ya kung'arisha picha) na unene uleule wa vipande vya picha, mashine ileile ikiwezekana, na mje na CD za skani zote, karatasi ya ripoti peke yake haitoshi kupimia. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea foleni ya kivuko, kwa hiyo mzee akianza kikohozi kikavu na kubanwa pumzi, au kuharisha mfululizo, mleteni hospitali siku hiyohiyo, kinga ikichangamka sana inashambulia hata mapafu na utumbo, na hiyo kwenye CT huwa tunaiona.