Kabla Hujaweka Pesa ya Korosho Kwenye Saa Janja

Dada mmoja wa Nachingwea ameniandikia akiuliza swali ambalo naona limeanza kuwahusu wengi huku kwetu Kusini tangu malipo ya korosho yaanze kuingia: je, saa janja, yaani saa ya mkononi inayounganishwa na simu, ni kitu cha maana, au ni urembo wa mkononi tu? Mumewe anataka kumnunulia moja, mama yake mzazi ana presha, na muuzaji amemhakikishia kwamba saa hiyo inapima presha, sukari na usingizi, vyote kwa pamoja, kwa bei isiyofika laki moja. Nilimjibu kwa kifupi, lakini jibu refu nimeona niliweke hapa, kwa kuwa nimekaa na saa yangu ya kwanza msimu mzima wa korosho na sehemu ya msimu mwingine, na naamini wengi mnaonisoma mnatafuta kile kile nilichokuwa nakitafuta mimi, yaani kufanya kazi ikaonekana bila kuendeshwa na simu kutwa nzima.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu saa hii siwezi kuipima nje ya kazi. Mimi ni karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Newala, na kuanzia Oktoba, minada inapoanza, ghala letu halilali. Mkulima analeta korosho zake kwa baiskeli, kwa bodaboda au kichwani, gunia linapandishwa kwenye mizani, yeye anainama kusoma namba kwa macho yake mwenyewe kwa sababu hamwamini karani yeyote duniani, na mimi naandika kilo hizo huku nyuma yangu vibarua wanapigiana kelele za kupanga magunia. Katika hali hiyo, simu iliyo mfukoni ni sawa na kutokuwa na simu. Dereva wa lori akipiga kuuliza kama aje leo au kesho, sisikii. Katibu akipiga kutoka mjini kunijulisha kwamba magunia matupu yamefika, sisikii. Nikiamua kuiweka simu mezani karibu na daftari, kila inapowaka, mkulima aliye mbele yangu anaona nimeziacha kilo zake nimeshika mambo yangu. Kwenye mizani ya korosho, karani anayechezea simu ameshaitwa mwizi kabla hajakosea hata kilo moja.

Saa ililimaliza jambo hilo. Simu ikahamia ndani ya begi, begi likakaa chini ya meza, na mkono ukaachiwa kazi ya kuniarifu. Mtu anapopiga, kifundo kinatetemeka, nakigeuza kidogo, nasoma jina, naamua. Mara nyingi uamuzi huwa ni kuendelea kuandika. Saa yangu haina spika, kwa hiyo siwezi kuongea kupitia kwake. Inachoweza ni kunionyesha nani anapiga na kukata simu nikitaka, na kwangu hiyo imetosha kabisa. Yule dereva sasa nampigia gunia likishashuka, na mkulima hajui kwamba kuna mtu alinitafuta. Msimu uliopita hakuna lalamiko hata moja la kilo kutoka mizani yangu lililofika kwenye bodi ya chama, na nalisema hili kwa kujivuna, kwa sababu wapo walioniona nikija kazini na saa ya kuwaka wakasema karani ameanza maringo.

Kengele ya alfajiri nayo ni neema. Inanitikisa mimi peke yangu, mke wangu na mtoto wanaendelea kulala, na mwezi wa Ramadhani niliamka daku bila kuiamsha nyumba nzima kabla ya wakati. Kuna pia kitufe cha kuitafuta simu, ambacho nilikiona cha kitoto hadi siku simu yangu ilipofunikwa na turubai pamoja na magunia, tukaisikia ikilia chini kabisa ya rundo. Ila mjue kwamba mawasiliano ya saa na simu hupitia Bluetooth, na Bluetooth ya vifaa hivi hufika mita kumi hivi pakiwa wazi, pungufu ya hapo pakiwa na ukuta au rundo la magunia katikati. Ukiiacha simu ofisini ukaenda nyuma ya ghala, mkononi umebaki na saa ya kawaida.

Sasa tuje kwenye vipimo, ambavyo ndivyo wauzaji huvitanguliza. Hatua zako saa haizioni. Ndani yake mna kihisi kidogo kinachosoma mtikisiko wa mkono, na programu hukadiria kutokana na mdundo wa mtikisiko huo kwamba umepiga hatua. Nilipanda bodaboda kwenda kijiji cha jirani kwa njia ya makorongo, nikafika saa ikinirushia fataki kwenye kioo kwamba nimetimiza lengo la siku, na mimi sijatembea zaidi ya kutoka kibarazani hadi barabarani. Mke wangu aliivaa akitwanga, ikamhesabia safari nzima akiwa amesimama palepale kinuni. Lakini shemeji yangu alipokwenda nayo bondeni kuchota maji, na wanaoijua Newala wanajua mteremko ule na kupanda kwake ukiwa na ndoo, ilimpa hatua chache za kuchekesha, kwa kuwa kile kifundo chenye saa ndicho kilichoishika ndoo kichwani na hakikupunga hata kidogo. Aliyefanya kazi ngumu kuliko sote ndiye aliyeambiwa ajitahidi kidogo zaidi. Na lile lengo la hatua 10,000 ambalo saa nyingi huja nalo halikutoka kwa daktari. Lilianzia Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabia hatua ambacho jina lake lilibeba namba hiyo.

Mapigo ya moyo yana afadhali. Zile taa za kijani mnazoziona mgongoni mwa saa hupenyeza mwanga kwenye ngozi, damu huufyonza, na kila pigo linapopita, kiasi cha mwanga kinachorudi hubadilika. Ukiwa umekaa kimya, mkanda umekaza kiasi na saa imekaa juu kidogo ya ule mfupa wa kifundo, namba hukaribia sana ile unayoipata kwa kuhesabu kwa kidole kwenye mshipa. Ukianza kubeba gunia, jasho likatiririka na mkanda ukalegea, namba zinakwenda zinakotaka.

Kuhusu presha, ngoja nieleze kilichotokea nyumbani kwetu. Mama mkubwa anatumia dawa za presha kwa muda mrefu, na kijana wake alimletea saa ya bei nafuu yenye kipimo hicho. Kila asubuhi ikamwambia yuko vizuri, akaanza kusema kwamba kliniki ni kujichosha kwa nauli. Nilichukua muhogo mbichi kutoka kwenye tenga lake mwenyewe, nikaufunga ile saa mbele yake, nikabonyeza kupima. Taa za kijani zikawaka, ikafikiri kidogo, kisha ikatupa mapigo na presha ya muhogo, zote za mtu mwenye afya njema. Mama mkubwa aliutazama, akaniuliza, “Na wenyewe unameza vidonge vya asubuhi?” Kliniki aliendelea nayo. Mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu chochote unaweza kuidanganya saa ya namna hiyo, na namba zinazofuata ni za kubuni. Hata kampuni kubwa haziendi kwa mteremko: Samsung hutaka saa zake zenye kipimo cha presha zilinganishwe na mashine ya mkanda wa kubana mkono kila baada ya siku 28. Na kwa upande wa sukari mambo ni wazi zaidi, kwa kuwa mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na kwamba mtu akikosea dozi ya dawa kwa kuamini namba hizo anaweza kupoteza maisha. Dada wa Nachingwea, ukitaka kumsaidia mama, pesa hiyo mnunulie mashine ya mkanda.

Ndiyo maana nikiulizwa huwa najibu: nunua mtetemo, vipimo achana navyo.

Lakini mtetemo nao una gharama yake, na hapa ndipo ninapoumia mpaka leo. Mwezi Desemba tulikuwa na kikao cha ukoo cha kupanga jando la vijana wetu. Nilikuwa nimeshasema mbele ya wote kiasi ninachokiweza, nikieleza kwamba Januari ina ada na sare za watoto. Mkono wangu ulikuwa juu ya goti. Ukatetemeka, kioo kikawaka chenyewe, na ujumbe wa pesa ukajitandaza wote juu yake: umepokea milioni moja na ushee, salio lako jipya ni kadhaa. Zilikuwa pesa za vibarua wa kupakia lori, ambazo katibu alinitumia niwalipe kesho yake. Binamu yangu aliyekaa kuliani aliusoma kabla yangu. Hakupaza sauti, alimwinamia mjomba sikioni. Na kwetu, katika mambo ya jando, neno la mjomba si la kubishiwa. Akanitazama kwa utulivu, akasema, “Mjomba, mdomo wako unasema mfuko umekauka, mkono wako unasema mengine.”

Watu wakacheka mpaka mkeka ukatikisika. Nilieleza pesa zilikuwa za nani, nikataka hata kumpigia katibu simu athibitishe, na hakuna aliyetaka kusikia. Nililipa mara mbili ya nilichoahidi, kutoka kwenye fungu la sare, na asubuhi vibarua wakapata chao chote bila kupungua shilingi. Binamu mpaka leo ananiita tajiri wa mkononi. Kati ya waliocheka, hajatokea hata mmoja aliyerudi kuniuliza kama wale vibarua walilipwa, na mimi sitawauliza kama wanakumbuka.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kuliko wote ni huu: kabla hujavaa saa hiyo mbele za watu, fungua programu yake kwenye simu, ingia sehemu ya arifa, uzime maandishi ya ujumbe. Saa nyingi hukuruhusu kuchagua ni programu zipi zikufikie mkononi, na baadhi huficha maneno mpaka uguse kioo. Kwangu zimebaki simu zinazopigwa, kengele na kalenda. Makundi ya WhatsApp niliyaondoa yote, la kamati ya harusi, la ukoo na la waliosoma pamoja, kwa sababu kundi moja la harusi linaweza kuutetemesha mkono usiku kucha kwa ajili ya sare za kina mama. Ujumbe wa pesa uzime kabisa. Narudia, uzime kabisa, hata kama unaishi peke yako, kwa sababu hujui siku utakayokaa karibu na mwenye macho makali.

Na ninyi mnaokaa jirani na watu wenye saa za kuwaka, jifunzeni kutazama pembeni. Tumelelewa kwamba barua ya mtu haisomwi, na kioo kilichowaka mkononi mwa mwenzako ni barua yake. Nawaambia pia vijana mnaopokea pesa ya kwanza ya msimu: mwenye kitu anaonekana kwa shamba lililopuliziwa kwa wakati na mtoto aliyelipiwa ada, mkono unaong'aa utawakusanya wakopaji kabla haujakuletea heshima yoyote. Nimeyaona. Walionicheka ndio walioanza kuniomba.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Yangu inakaa na chaji takriban wiki moja, na kwa umeme wetu unaokatika hiyo ni sifa kubwa kuliko kioo kizuri; zile zinazotaka chaji kila usiku waachieni wenye umeme wa uhakika. Maandishi ya 5 ATM yanamaanisha saa imejaribiwa kwa mgandamizo sawa na wa maji ya kina cha mita 50 yaliyotulia, hayamaanishi upige nayo mbizi Msimbati, na ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi kwa sababu chumvi hula sehemu za chuma za kuchajia. Kuanzia Juni, wakati wa kupuliza mikorosho kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiri unga, ivue. Vumbi la salfa likiingia chini ya mkanda pamoja na jasho, ngozi itawasha mpaka ujute.

Ukifika dukani, usitoe pesa kabla ya kufanya mambo haya. Toka nayo nje juani uone kama kioo kinasomeka, kwa maana ndani ya duka kila kioo ni kizuri. Iunganishe na simu yako mwenyewe palepale, umwombe mtu akupigie, usubiri mkono utetemeke, kisha zima maandishi ya ujumbe muuzaji akiwa bado mbele yako akuonyeshe panapozimwa. Mwisho uliza chaja, maana nyingi ni za sumaku, kila aina na yake, na ya jirani haitashika. Yangu ilipopotea niliiagiza Dar es Salaam ikaja na basi. Kwa hiyo kama duka lina chaja ya ziada ya saa hiyo hiyo, inunue siku hiyo hiyo.