Kabla Hujaunganisha Mabaki Kuwa Sanamu

Vijana wanaotaka kuanza kuunda sanamu kwa vitu vilivyotupwa huniuliza kwanza kuhusu mashine ya kuchomelea: ipi ni bora, bei yake ni kiasi gani, na kama umeme wa nyumbani unaitosha. Mimi huwauliza ni kitu gani wamekichagua, kwa sababu mashine mtu anaweza kuikodi kwa fundi yeyote wa jua kali, lakini kitu cha kufanyia kazi hakuna wa kukuchagulia. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kuokota, kununua na kuunganisha mabaki hapa Mombasa, ni kwamba uchague kitu cha aina moja, ukae nacho mpaka ujue kilikotoka, nani alikitumia na kinachakaa vipi, ndipo ufikirie sura ya sanamu.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa El Anatsui, msanii aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufanya kazi kwa miongo kadhaa mjini Nsukka, Nigeria. Alikuwa tayari mchongaji wa mbao na mfinyanzi anayejulikana alipokuta, mwishoni mwa miaka ya 1990, mfuko uliotupwa ukiwa umejaa vizibo vya alumini vya chupa za pombe, na tangu wakati huo hajaviacha. Amevibapaza, amevikunja, amevikata vikawa pete, na wasaidizi wake wameviunganisha kimoja kimoja kwa waya wa shaba mpaka vikawa mapazia mapana ya madini yanayoning'inia ukutani kwa mikunjo. Pombe ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizibadilisha Afrika Magharibi katika enzi za biashara ya utumwa, kwa hiyo kizibo kilikuwa na historia yake kabla msanii hajakigusa. Mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote. Ninachotaka msomaji azingatie zaidi ya tuzo hiyo ni subira ya kubaki na kizibo kwa zaidi ya miaka ishirini huku kila kazi mpya ikionyesha jambo ambalo ile iliyotangulia haikulionyesha.

Romuald Hazoumè wa Benin amekaa na dumu la plastiki vivyo hivyo. Nchini kwake madumu hutumika kusafirishia petroli ya magendo kutoka Nigeria, na wabebaji huyapasha moto ili yatanuke na kubeba zaidi, ingawa plastiki inazidi kuwa nyembamba na hatari inaongezeka. Hazoumè huligeuza dumu kuwa kinyago: mdomo wake unakuwa kinywa, mpini wake unakuwa pua, na kazi ya mkono ya msanii mwenyewe ni ndogo mno. Katika La Bouche du Roi, kazi ambayo sasa ni mali ya British Museum ya London, alipanga madumu 304 kwa umbo la mchoro mashuhuri unaoonyesha watu walivyobanwa ndani ya meli ya watumwa iliyoitwa Brookes, na mtazamaji anaelewa bila kuelezwa ni nani hao waliobebeshwa mizigo mpaka wakakaribia kupasuka.

Kutokana na hao wawili nimejifunza kutokificha kitu. Anayepaka rangi nzito juu ya kila sehemu ili isijulikane ilikuwa nini, amejinyima sababu yenyewe ya kutumia mabaki. Bora angenunua bati jipya. Cyrus Kabiru wa Nairobi, ambaye miwani yake ya waya na vifaa chakavu imemfikisha mbali, ameunda pia kazi kutokana na baiskeli zile za zamani ziitwazo Black Mamba, na ukizitazama bado unaiona baiskeli. Nchini Msumbiji, mradi ulioanzishwa mwaka 1995 na Baraza la Kikristo uliwapa watu majembe, baiskeli na cherehani wakisalimisha bunduki, na wasanii wakapewa vipande vya silaha hizo; kiti alichokiunda Cristóvão Canhavato, ajulikanaye kama Kester, mwaka 2001 kinatisha kwa kuwa kila bunduki bado inatambulika, na hakuna hata moja iliyoundwa Msumbiji.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Kioko Mwitiki, msanii wa Kenya, alipounda wanyama wakubwa kwa vyuma chakavu, alifungua njia ambayo wengi wetu tunapata riziki kwayo hadi leo, lakini twiga wa nati na plagi wanaopangwa leo kwenye malango ya hoteli, kila mmoja nakala ya mwenzake, wanaeleza machache mno kuhusu nati na machache zaidi kuhusu twiga. Ukihitaji kuwaunda ili ulipe kodi ya nyumba, waunde bila aibu, ila tenga siku zako nyingine kwa kazi ambayo wewe peke yako ungeifikiria.

Kuhusu uunganishaji, kila kitu kina njia yake. Usichomelee bati lenye zinki kabla ya kuisugua ile zinki mahali pa kuungia, tena fanya kazi mahali penye upepo, kwani moshi wake huleta homa. Pipa lililowahi kubeba petroli linaweza kulipuka likikatwa hata kama linaonekana tupu, kwa hiyo tafuta jingine. Dumu halishiki gundi, basi litoboe ulishone kwa waya. Kandambili, kwa upande wake, hushika vizuri sana zikioshwa, zikikaushwa na kukwaruzwa kwa msasa, na huko Nairobi shirika la Ocean Sole huzigandisha pamoja kuwa vitalu vinavyochongwa kama mbao. Sisi wa pwani tuna shida nyingine: hewa ya chumvi hufanya alumini iliyogusana na shaba iliwe haraka, kwa hiyo mbinu ya Anatsui inafaa kwa sanamu ya ndani ya nyumba, lakini kwa ya bustanini tumia waya wa alumini kwenye alumini. Plastiki nayo hupauka na kukatika juani, na vanishi huchelewesha tu.

Weka risiti za kila kilo unayonunua. Mwezi Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, na ingawa biashara ilifunguliwa tena mwaka huohuo chini ya masharti ya leseni, msanii mwenye rundo la nyaya za shaba asizoweza kueleza zilikotoka hana utetezi mbele ya polisi. Mimi situmii kabisa waya wa umeme wala vifuniko vya mitaro, hata muuzaji akiapa kwamba ni halali.

Mwisho, pima mlango kabla ya kuanza. Sanamu kubwa iungwe kwa vipande vinavyofungwa kwa bolti, ipakiwe kwenye pikapu na kuunganishwa tena na mtu asiyekujua. Mwandikie mnunuzi ukurasa mmoja unaoeleza bolti ipi inakwenda wapi, sehemu ipi ipakwe mafuta kila mwaka, na ipi iachwe ipate kutu.