Eti Kroos alikuwa wa pasi za pembeni tu?

SWALI: Kaka mhariri, habari za kazi. Kijiweni kwetu tunabishana kila siku, washkaji wanasema Toni Kroos, yule kiungo Mjerumani, alikuwa mtu wa pasi za pembeni na nyuma tu, hana mbio, hakabi, makombe kabebwa na wenzake. We unasemaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwenye mbio nawapa haki yao, na kukaba kweli kazi kubwa pale Madrid ilikuwa ya Casemiro. Ila hilo la kubebwa hapana jamani! Ligi ya Mabingwa anayo 6, ya 2013 na Bayern (fainali ile alikuwa majeruhi, sawa) halafu 5 na Real Madrid waliomchukua 2014 kwa kama euro milioni 25 tu, bei ya bure kabisa kwa kiungo aliyetoka kubeba Kombe la Dunia.

Sasa hizo pasi za pembeni. Kroos alikuwa anashuka kushoto karibu kabisa na beki wa kati, beki wa kushoto Marcelo anapanda juu kama winga, Kroos anapiga fupi, anarudishiwa, anapiga tena, kiungo wa wapinzani anachoka kusubiri anatoka kumfata, akitoka tu basi, mpira mrefu unavuka uwanja mzima mpaka kulia kwa Carvajal na unatua mguuni. Ile fupi inayowaboa washkaji ndo ilikuwa inafungua mlango.

Na roho alikuwa nayo. Sochi, Kombe la Dunia 2018, Ujerumani dhidi ya Sweden, goli walilofungwa Wajerumani lilianzia kwenye pasi yake mwenyewe iliyopotea, Boateng akala nyekundu wakabaki 10, ubao 1-1. Dakika ya 95 wakapata faulo kushoto pembeni ya boksi, pale wengi wangepiga krosi tu, yeye akamgusia Reus, Reus akautuliza, Kroos akaukunja mpaka kona ya mbali. Mtu wa kubebwa hata haombi ule mpira.

Afu kastaafu 2024 na miaka 34, bado yuko moto, mechi ya mwisho Madrid ni fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Wembley na kona yake ndo Carvajal kaifunga kwa kichwa. Mwezi huohuo wa Juni akaifungua Euro na Ujerumani dhidi ya Scotland, pasi 102, iliyopotea 1.

Wawekee mechi ya Sweden washkaji, yote siyo hailaiti, halafu utuandikie wamesemaje.